Mtu wa Nyuma ya Skrepa

Kambi ya barabara, kando ya Mto Platte,
Nebraska.
Jumamosi jioni, Agosti 1963

Dada yangu mpendwa Idella,

Pokea salamu zangu, na uzipanguse kwanza, maana huku kila kitu kinatoka na vumbi. Natumaini hujambo, na mpwa wangu Rosalie hajambo, na lile goti lililokuwa likikusumbua kwenye ngazi za kanisa limepata nafuu. Mimi ni mzima, ila mgongo ndio hivyo tena. Dereva wa skrepa aliyeshinda akikwangua na kubeba udongo, akishuka jioni hutembea kama mtu aliyekunjwa akasahauliwa sandukuni. Mvua hatujaiona mwezi mzima. Mahindi ya wakulima yamesimama vizuri pande zote mbili za njia yetu, hata naona haya kuyamwagia vumbi kutwa. Chakula si kibaya. Mke wa dereva mwenzangu, Lumir Pospisil, hutuletea vimikate vyao vya Kicheki vyenye jemu ya plamu, na Lumir hutulazimisha tumsifu yeye badala ya mkewe.

Barua yako niliipata. Umesema Merle Haskett amekuposa, kwamba hujamjibu, na kwamba mimi ninayefanya naye kazi kila siku nimtazame vizuri kisha nikuambie kama ni mtu wa kuingizwa nyumbani. Ukaongeza kwa ule mdomo wako: “Wewe Orrin humwamini hata mchungaji akihesabu sadaka, kwa hiyo Merle akipita kwako amepita.” Nilicheka peke yangu kitandani. Lakini kazi uliyonipa niliipenda, nami nimeifanya kwa moyo wote. Nilichokipata sicho nilichokuwa nakitafuta. Nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujainuka kitini.

Nianze na ukweli. Merle sikumpenda tangu alipojiunga nasi. Hatukani. Umewahi kumwona mtu anayeendesha buldoza kwenye joto hili, mchanga umejaa meno, na hatukani? Hachezi karata. Redio ikitangaza mpira wa besiboli, wenzake tunapigana mabega, yeye anaondoka kwenda kutazama mashine. Wakati wa chakula hakai nasi kwenye kivuli cha magurudumu. Lumir alisema siku moja, mdomo umejaa mkate, “Huyu ama ni mtakatifu, ama anatafutwa na polisi. Na watakatifu hawaendeshi buldoza.” Watu walicheka. Mimi sikucheka, nililiweka neno hilo moyoni.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba yeye ndiye msukumaji wangu. Unakumbuka marehemu mumeo Burdette alivyokuwa akituonyesha kazi hii mezani kwako, sahani ya siagi ndiyo skrepa na kijiko ndicho buldoza? Rosalie alikuwa mdogo, akilia apewe yeye kijiko. Ni vilevile hadi leo. Naingia kwenye kilima, nashusha kisu, tumbo la skrepa linaanza kumeza udongo, na udongo wa huku ni mgumu, injini yangu peke yake haiwezi. Basi buldoza inakuja nyuma, inaniegemea matakoni, inanisukuma mpaka tumbo lijae, kisha mimi naondoka mbio kwenda kumwaga kwenye tuta la barabara. Wa mbele akiinua mkono, wa nyuma anasukuma. Haulizi. Sheria hiyo ni ya tangu enzi skrepa zikivutwa na nyumbu, na sijaona msukumaji aliyeukataa mkono ulioinuliwa. Kwa hiyo mtu huyo anakitazama kisogo chako kutwa nzima, na wewe humwoni. Sasa fikiria mtu huyo ni yule anayetaka kumwoa dada yako.

Wiki ile niliyopata barua yako nilimwona amechutama kando ya skrepa yangu wakati wa chakula, kichwa kimeingia pale kwenye maungio ya usukani. Nilimwendea polepole. Nikamuuliza anatafuta nini. Alishtuka, akaficha kitu mfukoni, akasema, “Natafuta kivuli, Orrin.” Dada, kivuli kilikuwa upande wa pili! Alikuwa amechutama juani kabisa, jasho linamtiririka masikioni.

Nikamweleza Lumir. Lumir badala ya kunisaidia akapiga paja. “Shemeji yako mtarajiwa anakupima sanduku, bwana! Anataka kujua wewe ni mrefu kiasi gani.”

Nilimwambia anyamaze. Lakini usingizi siku hiyo haukuja. Nikaanza kuhesabu mambo. Nyumba unayokaa ni yetu sote wawili, aliyotuachia baba. Mimi sina mke wala mtoto. Nikianguka na mashine, yote ni yako, na cha mke ni cha mume. Nilijicheka, nikajigeuza ukutani, kisha nikaacha kujicheka. Asubuhi nilikwenda kutazama pale alipokuwa amechutama. Pini ya usukani, ile nene kama kifundo cha mkono wa mtoto, inayoshika bomba la kugeuzia, ilikuwa imepakwa grisi mbichi. Mimi sikuipaka. Nilimuuliza fundi, akasema naye hajaigusa.

Siku hiyo nilifanya jambo ambalo watu wa kazi hii hawafanyi. Niliingia kwenye kilima, nikashusha kisu, nikasikia buldoza ya Merle ikija nyuma yangu, na sikuinua mkono. Nilisema moyoni, afadhali nikwame kuliko kusukumwa na huyu. Na kweli nilikwama. Magurudumu yalizunguka pale pale, vumbi likanifunika, skrepa za wenzangu zikapanga foleni nyuma zikipiga honi kama harusi. Nyapara wetu, Stroud, alikuja mbio akivua kofia na kuitupa chini, akaiokota, akaitupa tena.

“Orrin! Mkono wako umekufa?”

“Haujafa.”

“Basi uinue! Au unangoja barua ya mwaliko?”

Lumir akapaza sauti kutoka juu ya mashine yake: “Mwacheni, anaona haya kusukumwa mbele za watu!”

Merle alikuwa amekaa tu. Hakupiga honi wala kutikisa kichwa. Kukataa kusukumwa na mtu mbele ya wenzake ni sawa na kumtemea mate, na yeye alikaa akangoja. Mwishowe niliinua mkono kwa hasira. Alinisukuma taratibu, kama mtu anayemsukuma mtoto kwenye bembea. Ungedhani ningetulia. La! Upole ule ulinitia wasiwasi kuliko kama angenigonga.

Basi nikaamua kumtega. Usinicheke. Juzi, wenzangu walipoketi kula, nilimwambia Lumir aseme nimekwenda chooni, kisha nikazunguka na kujitumbukiza ndani ya tumbo la skrepa yangu. Nililala chali juu ya mabaki ya udongo. Chuma kile kimeshinda juani tangu alfajiri, Idella, nilikuwa naiva kama mkate. Mchanga uliniingia kwenye kola, na mdudu mmoja akapita tumboni mwangu kwa raha zake. Nikasikia nyayo. Zikasimama. Kisha nikasikia nyundo ndogo ikigonga chuma polepole, mara moja, mara ya pili, pale pale kwenye usukani. Mtu anapumua. Halafu nikasikia nati inafunguliwa.

Niliinuka kama maiti aliyeitwa jina, nikagonga kichwa kwenye kifuniko cha chuma, na hata damu haikunizuia. Nilimrukia Merle nikamkamata shati. Alikuwa amepiga magoti, pini yangu ya usukani iko mkononi mwake.

“Nimekupata! Muuaji wee, nimekupata!”

Hakujitetea. Alininyooshea ile pini. “Shika,” akasema. “Pitisha ukucha katikati.”

Niliipitisha. Ukucha ukanasa. Palikuwa na ufa, mwembamba kama unywele, umezunguka karibu pini nzima. Merle alisema alikuwa akiufuatilia tangu wiki iliyopita. Aliipaka grisi na kuipangusa kwa kitambaa kile alichokificha mfukoni, ili aone kama kuna ufa au ni mkwaruzo tu, na asubuhi ile alisikia usukani wangu ukigonga nilipokata kona. Kisha akatoa pini mpya mfukoni, aliyoiomba kwa fundi kwa kisingizio cha mashine yake, akapiga magoti tena akaanza kuifunga. Nilijikuta nimemshikia tochi, namulika ndani ya maungio. Sikumbuki ni nani aliyeniambia niishike.

Alipomaliza nilimwambia kwamba jambo hilo ni jema, lakini mtu mwema hafichi wema wake. Kwa nini asiniambie? Kwa nini asimwambie Stroud? Nikamwambia usoni kwamba bado namshuku, tena sasa zaidi. Alikaa chini kwenye udongo, akaegemea gurudumu. Alisema mashine zote za kambi yetu huzipitia hivyo kila siku, na hawezi kula kabla hajamaliza. Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu Burdette.

Dada, hapa ndipo nakuomba utulie.

Mimi nilijua tu kwamba aliwahi kufanya kazi sehemu moja na mumeo. Nadhani nawe ulijua hivyo tu. Hakutuambia kwamba siku ile, kwenye tuta lile, msukumaji wa Burdette alikuwa yeye. Asubuhi walipokuwa wakitia mafuta, Merle aliona ufa kwenye pini ya Burdette. Alimwambia. Burdette alikwenda kwa nyapara wa kule, naye akajibu kwamba mvua inakuja, tuta lazima lifungwe kabla ya jioni, na pini itabadilishwa kesho. Burdette akarudi, akapandisha mabega, akapanda mashine. Merle anasema alitaka kukataa. Msukumaji akishusha bamba la mbele la buldoza chini akazima injini, kazi nzima inasimama, hakuna skrepa itakayotoka. Aliweka mkono kwenye swichi. Kisha Burdette akaingia kwenye kilima na akainua mkono. Na mkono ukiinuliwa, unasukuma. Alisukuma. Alinieleza kwamba mkono wake wa kulia ulikwenda wenyewe, kwa mazoea, wakati kichwa chake bado kinakataa. Mzigo ule ule, ukingoni mwa tuta, usukani ukakatika, mashine ikaporomoka naye. Yaliyobaki unayajua.

Usiyoyajua ni haya. Kampuni ile iliposema Burdette alikuwa amelewa, Merle alikuwa amesimama pale pale. Mashine ilikuwa imeshaburutwa ikachomelewa kabla hajaja yeyote wa kuchunguza. Nyapara alimvuta pembeni akamwambia, “Ukitaja pini, watakuuliza kwa nini ulisukuma.” Akanyamaza. Watu walikuwa wamemwona Burdette baa miaka ile ya nyuma, kabla Rosalie hajazaliwa, basi nani angebisha? Merle anasema jioni yake alirudi gizani akapapasa kwenye matope mpaka akaipata nusu ya ile pini iliyokatika. Anayo hadi leo.

Idella, mume wako hakuwa amelewa. Alikunywa kahawa na kula mkate uliomfungia, akapanda mashine mbovu kwa amri ya mtu mwingine. Hakunywa hata tone.

Nilimpiga Merle. Nakuambia mimi mwenyewe ili usisikie kwa Lumir, ambaye ataongeza chumvi. Nilimpiga ngumi moja ya mdomo, na hakuinua mkono kujikinga, kwa hiyo ya pili sikuweza. Nikakaa chini karibu naye nikalia kama mtoto. Mimi huyu ninayemshuku mchungaji, ninayemshuku muuza maziwa, ninayelala kwenye chuma cha moto kumvizia mtu anayeniokoa, lile neno la ulevi nililiamini siku ile ile lilipotamkwa. Sikuuliza swali hata moja. Wewe peke yako ndiye uliyesema, jikoni, umetupa mgongo, kwamba Burdette aliacha pombe na kwamba unaijua harufu ya mumeo. Hakuna aliyekujibu, hata mimi. Naona uchungu ambao sijui niutue wapi.

Nilimuuliza Merle kama anakupenda au anatafuta kutubu kwa kuoa. Nilimwambia dada yangu si kanisa. Alisema mara ya kwanza alipokuja kubisha kwako, mwaka jana, alikuja kusema haya. Ulimkaribisha kahawa, ukalalamika kuhusu bomba la maji ya mvua, akalitengeneza akaondoka bila kusema. Akaja tena kusema, Rosalie akamwonyesha kitabu chake cha shule. Akaja tena. “Kila nilipokuja kusema,” akaniambia, “niliondoka na sababu nyingine ya kutosema.” Halafu akagundua kwamba haji tena kwa ajili ya kusema. Alikuwa amekusudia kukuambia mkishaoana. Hapo nilisimama, nikamwambia akithubutu kumpeleka dada yangu madhabahuni na jambo hilo mfukoni, nitamzika kwenye tuta na kumshindilia mwenyewe. Akasema ni kweli. Akasema tatizo ni kwamba akikuona mdomo unafungwa. Ndipo nikamwambia nitaandika mimi.

Jana mchana, kabla watu hawajafungua vikopo vyao vya chakula, aliwaeleza wote. Hakujipunguzia. Wewe unajua maana yake katika kazi hii, msukumaji kusema kwamba alisukuma mtu akijua mashine ni mbovu. Lumir, ambaye huongea akiwa amelala, alipangusa mikono, akaenda kuchutama kando ya skrepa yake mwenyewe akitazama pini. Mmoja mmoja tukamfuata, kila mtu kwenye mashine yake. Stroud alipiga kelele kwamba saa ya kazi imefika, na hakuna aliyeinuka mpaka alipomaliza kukagua pini yake. Merle amemwambia Stroud kwamba Jumatatu haji. Anakwenda Omaha, kwenye ofisi ya chama cha waendesha mitambo, kusema yote mbele ya watu wanaoandika, na ile nusu ya pini ataiweka mezani kwao. Baada ya hapo sidhani kama kuna kampuni itakayompa hata toroli.

Uliniuliza kama ni mtu wa kuingizwa nyumbani. Sina jibu, na ni mara ya kwanza nakosa neno la kusema juu ya mtu. Kazini ningekaa mbele yake kesho asubuhi bila kugeuza shingo. Lakini kazini ni kisogo changu, na nyumbani ni maisha yako, na aliyekufa alikuwa wako. Ukimfukuza sitakulaumu, na nitakuja mwenyewe kutengeneza hilo bomba likiharibika tena. Ukimkubali nitakuja na koti langu la mazishi na harusi, na nitamkazia macho karamu nzima.

Barua hii nimeifunga mimi, na anayekuletea ni Merle mwenyewe. Nilimpa aisome, akakataa; anasema yaliyomo anayajua kuliko mimi. Sasa nadhani unaelewa kwa nini alipokukabidhi mlangoni hakuingia, na ule mdomo umevimba kwa nini. Yuko nje, barazani. Amesema atasimama hapo mpaka umalize kusoma, na ukizima taa bila kufungua, atakuwa amejibiwa, ataondoka kwenda zake Omaha. Usimwonee huruma ukaharakisha. Amenyamaza miaka yote hii, anaweza kusimama.

Nisalimie majirani, na mchungaji pia, mwambie simshuku tena sana. Mgongo na mengine tutazungumza nikija. Sasa, Idella, kabla hujakwenda mlangoni, kabla hujaamua lolote juu ya mwanamume aliye nje, panda juu kwa Rosalie. Mwamshe kama amelala. Nakumbuka alivyorudi kutoka shuleni na nguo imechanika kwa kupigana, na alivyokataa kutuambia watoto walimwita mtoto wa nani. Mwambie baba yake hakuwa mlevi. Mwambie kwanza yeye.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Orrin